Rudia Mpaka Aingie

Haya hayakumpata rafiki wa rafiki. Yalimpata mdogo wangu wa tumbo moja, Merle, na mimi nilikuwepo, nimekaa nyuma ya mitambo ya sauti, hatua kumi kutoka aliposimama. Ukisikia mtu anadai yametokea kwingine, jua aliyemsimulia aliyasikia kwangu, na huenda ameongeza chumvi. Mimi siongezi. Hayahitaji.

Ilikuwa Jumapili ya Februari, onyesho la saa tisa alasiri, Kwa Dotty. Kwa Dotty ni klabu ndogo ya muziki, chumba cha chini ya ardhi upande wa magharibi wa Manhattan. Viti hamsini na vinane, na meza ndogo kiasi kwamba ukiweka glasi mbili na kiwiko kimoja umeijaza. Nimefanya kazi pale miaka ishirini na sita. Siku hiyo nilifagia theluji ngazini, nikamwaga chumvi, nikajaribu maiki, kisha nikala nusu ya mkate wa Merle wenye samaki wa moshi bila kumwomba. Tukagombana kidogo, yakaisha.

Onyesho lilikuwa la kumuenzi Abner Zelnick. Kama jina hulijui usione haya. Watunzi wa nyimbo ndivyo walivyo, watu huwaimba jikoni miaka arobaini bila kuwajua. Waimbaji walikuwa watatu. Wawili walikuja, wakaimba, wakala, wakaenda zao salama. Sina la kuwasemea.

Merle alikuwa na miaka hamsini na minne. Mwezi wa Septemba alipasuliwa koo. Daktari alitoa uvimbe, akaacha kovu kwenye uzi wa sauti, akasema tuvute subira. Tukavuta. Sauti ikarudi nusu: ya chini ilikuwepo, ya juu ikawa inakatika. Mtu ambaye tangu ana miaka saba alikuwa akiimba bafuni hadi maji ya moto yanaisha, sasa alioga kimya. Mimi na yeye tulikuwa tukiishi pamoja huko Queens, na kile kimya ndicho kilichoniumiza kuliko upasuaji wenyewe.

"Shelly," aliniambia akiwa anafunga viatu, "nikichemsha leo naacha. Kabisa. Naenda kuuza viatu."

"Utauza viatu gani, na hata hivyo ulivyovaa ni vyangu?"

Hakucheka. Nikajua amemaanisha.

Sasa nikueleze kuhusu ule wimbo, maana shida yote ilitoka humo.

Kila mtunzi ana sanduku la nyimbo zilizokatwa, zilizokataliwa, zilizobaki. Sanduku la Zelnick alikuwa nalo dada yake, Bi Hattie, mwenye miaka tisini na miwili na akili kali ya kukata karatasi. Alimpa Gil Pomerantz, mpiga piano wetu na msimamizi wa onyesho, achague anachotaka. Gil akachomoa wimbo uitwao "Umechelewa, Mpenzi," kurasa nne, haujawahi kuimbwa popote. Akampa Merle aufungie onyesho.

Mwanzoni mwa wimbo kulikuwa na vipimo vinne vya piano, yaani vifungu vinne vifupi vya muziki, na juu yake, kwa wino, maneno haya: *Rudia mpaka aingie.* Maneno hayo yamejaa katika karatasi zetu. Mwimbaji anasema na watu mawili matatu, anakunywa maji, anatuliza pumzi, na mpiga piano anazungusha vile vipimo mpaka mwimbaji aingie kwenye wimbo. Kila mtu katika kazi yetu anayajua, na ndiyo maana hakuna aliyejisumbua kuyasoma vizuri.

Mwisho wa wimbo palikuwa na vipimo vilevile tena, na juu yake: *Rudia mpaka atoke.* Hapo Gil akachukua penseli akapiga mstari. Wimbo unaofifia polepole haupigiwi makofi, watu hawajui kama umekwisha au mpiga piano kasinzia. Akaandika badala yake pigo moja zito la kufungia.

"Hapo watasimama," alisema, "hata wale waliofuata mvinyo tu."

"Na pale juu?" Merle alimuuliza. Kulikuwa na sauti moja ya juu katikati ya wimbo ambayo mazoezini ilimkatikia mara zote.

"Pale nong'ona. Watadhani ni sanaa."

Saa tisa ikafika. Chumba kikajaa. Bi Hattie alikaa meza ya mbele na maji yake ya limau, kofia kichwani. Mambo yalikwenda vizuri, watu wakacheka palipotakiwa, na Merle aliimba nyimbo zake mbili za chini bila kuteleza. Nilianza kupumua.

Ukafika wimbo wa mwisho. Gil akaanza kuzungusha vile vipimo vinne. Merle alisimama mbele ya maiki, akasema maneno machache kuhusu Zelnick, watu wakatabasamu. Akafumba macho.

Gil akazungusha. Mara ya pili. Ya tatu. Merle hakuingia.

Ya nne. Nikamtazama. Mdomo wake ulikuwa umefungwa, lakini taa ya maiki yake kwenye mitambo yangu ilikuwa ikipanda na kushuka taratibu. Mtu alikuwa anapumua kwenye ile maiki. Nilivaa spika za masikioni nisikie vizuri, na pumzi zilikuwa za mtu aliyetoka kukimbia.

Ya sita. Watu wakaanza kukohoa. Gil akamtazama Merle, akainua nyusi. Bi Hattie aliweka glasi mezani na kugeuka, si kuelekea jukwaani. Aligeuka kuelekea mlangoni.

Ya nane. Mlango wa ngazi ukafunguka.

Baridi ikaingia. Pazia la mlangoni likasogea, likatulia. Hakuwepo mtu. Mhudumu alikwenda kuufunga, akidhani ni upepo, na nilimwona akijibana ukutani kidogo, vile mtu anavyompisha mwenzake mahali pembamba. Baadaye nilimuuliza kwa nini. Akasema hakumbuki kufanya hivyo.

Ya tisa. Merle akafumbua macho.

Akaingia.

Mungu anisamehe, ilikuwa sauti nzuri kuliko zote nilizowahi kusikia katika chumba kile. Ilipanda bila kujikaza. Ilipofika ile sauti ya juu hakunong'ona. Aliishika, akakaa nayo, akaishusha taratibu. Mwanamume mmoja meza ya kando alikuwa akilia na midomo imemlegea. Mimi nililia zaidi yake. Nilikuwa nasema moyoni, amerudi, mdogo wangu amerudi. Gil akapiga pigo lake la kufungia na watu wote wakasimama.

Bi Hattie peke yake hakusimama.

Nilikimbia hadi chumba cha kuvalia, ambacho kusema kweli ni stoo ya mvinyo yenye kioo. Merle alikuwa amekaa, koti begani, anajitazama. Nilimkumbatia kwa nyuma. Alikuwa baridi mpaka mifupani.

"Umewaua!" nilimwambia. "Umesikia makofi?"

Akanitazama kwenye kioo kwa adabu, vile unavyomtazama mtu aliyekushikia mlango.

"Nimechelewa sana?" akauliza.

Nyuma yangu nikasikia fimbo ya kutembelea ikianguka. Bi Hattie alikuwa amesimama mlangoni, ameshika ukuta. Alinivuta mkono, akamvuta na Gil, akatupeleka chini ya ngazi.

"Nani kawaambia muimbe ule?" alinong'ona.

"Ulikuwa sandukuni, Bi Hattie," Gil akasema. "Ulitupatia mwenyewe."

"Nilidhani nimeuchoma." Alizitazama zile ngazi. "Abner alimtungia Vera Lund, mwimbaji wake. Vera alikuwa haijui saa. Wimbo wenyewe ulikuwa utani, umechelewa mpenzi, basi ingia tu. Walipanga kuutoa hapa hapa, mchana kama huu. Abner akaanza kuzungusha. Vera akaja mbio, akateleza kwenye ngazi hizi, akafia hapa mlipoweka viatu vyenu."

Gil akasogeza miguu.

"Watu wakaingia kumwambia. Akasema, nyamazeni, anakuja. Akazungusha hadi tukamtoa mikono kwenye piano kwa nguvu. Yale maneno ya wino aliyaandika baada ya mazishi, mwanangu. Nyie mmesoma maelekezo ya mpiga piano. Abner alikuwa anamsema Vera. Aingie mlangoni."

Juu barabarani gari lilipiga honi.

"Na mwisho?" akauliza. "Mwisho ulimpigia nini?"

"Nilifunga," Gil akajibu.

"Ulifunga," Bi Hattie akarudia polepole. "Na yeye yuko ndani."

Nilimwona kizee aliyechoka, na sitajificha: sikutaka kumwamini kwa sababu niliipenda ile sauti. Ningeamini lolote lingine. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nilimtazama mdogo wangu akipanda ngazi, mzima, nikasema amepona, na sikuuliza kapona vipi.

Lakini nje, badala ya kunifuata kwenye treni yetu, alianza kwenda upande wa mashariki. Nikamuuliza anakwenda wapi. Akasema tupande treni ya reli ya juu, ile ya Barabara ya Tatu. Reli hiyo ilibomolewa kabla sijazaliwa.

Nyumbani alisimama mlangoni. Nimefungua, nimevua koti, nimewasha taa, yeye bado yuko kwenye korido. "Unangoja nini?" nikamwuliza. Akakitazama kizingiti. Nikasema, "Ingia basi." Ndipo akaingia. Ikawa hivyo kila mlango, chumbani, jikoni, bafuni. Hakuvuka kizingiti hata kimoja bila kuambiwa, na mimi nikawa naamka kumwambia.

Alikuwa mpole. Alikuwa akiimba bafuni. Merle hajawahi kuniita Rochelle, jina langu refu, maishani mwake, na huyu aliniita Rochelle, kwa upole, kila mara.

Jumatano tulikwenda kwa daktari wa koo. Aliingiza kile kijimrija chenye kamera, akatazama, akakitoa, akakiingiza tena. Akafungua faili, akaangalia jina.

"Ni nani alimpasua?" akauliza.

"Wewe," nikamjibu.

Akafunga faili. "Hapa hapana kovu," akasema. "Hili koo halijawahi kuguswa na kisu."

Alhamisi mchana nilikwenda kazini peke yangu, nikafungua rekodi ya Jumapili. Nilitaka kusikia sauti ya maiki yake tu, bila piano, bila watu. Nikavaa spika za masikioni. Nikazisikia zile pumzi. Nikausikia mlango. Kisha ile sauti nzuri ikaanza, na chini yake, mbali, mtu alikuwa anasema. Nikaongeza sauti.

Ilikuwa sauti iliyokatika. Niliijua kabla ya neno la kwanza.

"Gil, zungusha tena," Merle alikuwa akisema. "Sijaingia. Kuna mtu amenipita. Gil, zungusha, mimi sijaingia bado."

Alisema hivyo wimbo mzima. Watu waliposimama kupiga makofi, alikuwa bado anaomba.

Nilivua zile spika. Kisha nikampigia Gil, nikamsikilizisha kwenye simu. Nikampigia Bi Hattie.

"Mpigieni ule mwisho," akasema. "Mlango uwe wazi. Lakini sikiliza, binti. Abner aliandika mpaka atoke. Hakuandika nani, wala hakuandika atoke na nini."

Nilimsikia. Sikumsikiliza. Ningefanya nini kingine? Nilitaka mdogo wangu.

Ijumaa saa nane mchana tulikuwa watatu katika chumba kitupu. Nilimwambia yule aliyevaa sura ya Merle kuwa ni mazoezi. Alifurahi. Nilifungua mlango wa ngazi, nikauwekea kreti ya chupa usijifunge. Nikawasha maiki. Nikakaa mahali pangu.

Gil akaanza vile vipimo vinne. Mikono yake haikukosea.

Mara ya kwanza. Ya pili. Yule aliyevaa sura ya Merle akawa amesimama anatabasamu.

Ya tano. Tabasamu likaisha.

Ya saba. Akageuza kichwa kuelekea mlangoni. Akavaa koti. Akafunga vifungo vyote, kimoja kimoja, akatutazama kama mgeni aliyekaa hadi chakula kimeisha.

"Asanteni," akasema. "Mmenikaribisha vizuri."

Nilikuwa nangoja mwili uanguke. Ndivyo nilivyofikiria: yeye atatoka, mwili utalegea, nitaudaka, na Merle atafumbua macho na kunitukana kwa sababu ya mkate. Niliinuka kabisa, mikono mbele, tayari.

Mwili haukuanguka. Ulitembea. Ulipita kati ya meza, ukapita kando yangu, ukafika mlangoni. Safari hii haukungoja kuambiwa. Nikasikia viatu vyangu, miguuni mwake, vikipanda ngazi.

Na kwenye spika za masikioni, zilizokuwa shingoni mwangu, nikasikia kijisauti. Nikazivaa.

"Shelly? Mbona anaondoka nao? Shelly, mshike! Mimi niko huku!"

Nilikimbia. Nilikwea zile ngazi kwa mikono na magoti. Juu kulikuwa na Ijumaa ya kawaida, watu na mifuko yao, theluji imekuwa tope, teksi moja inaondoka. Niliifuata hadi taa za barabarani. Ndani kulikuwa na wazee wawili na mbwa.

Niliporudi Gil alikuwa ameshaelewa. Alikuwa amefungua ukurasa wa kwanza na kuanza vipimo vya mwanzo, machozi yanamtiririka, anaita, "Ingia, Merle! Haya, ingia, nakusubiri!" Alizungusha tangu saa tisa kasoro hadi saa kumi na moja. Nilimsikia masikioni mwangu akivuta pumzi, kila mzunguko, pale hasa anapotakiwa kuvuta. Lakini mwili ulikuwa umekwenda, hakukuwa na pa kuingilia.

Polisi waliandika maelezo. Kamera za mtaa ule hazikumwona mtu akitoka mlangoni kwa Dotty siku hiyo, isipokuwa mimi, nikikimbia.

Hiyo ni miaka mitatu sasa. Gil amehamia Florida, hagusi piano. Nasikia anafundisha watu gofu, na hajui gofu. Bi Hattie tulimzika masika yale yale. Dotty, mwenye klabu, alitaka kuichoma ile karatasi, nikamwambia akiigusa tutaonana wabaya. Niko nayo.

Mimi sijui muziki, najua kupandisha na kushusha sauti tu. Lakini nilinunua kinanda kidogo cha umeme, nikajifunza vile vipimo vinne, na kila siku saa tisa alasiri ninakaa sebuleni na kuvizungusha. Sisikii kitu. Nimejaribu maiki, nimejaribu mitambo, sisikii chochote tena. Ninazungusha saa nzima, nafunga, napika. Niliwahi kujiambia kuwa ni ujinga wa mfiwa, na kwamba nitaacha.

Jumanne iliyopita jirani wa chini, Bwana Ostrowski, alinigongea. Ni mtu wa kelele, anayelalamikia hata ufagio. Nikajua amekuja kunisema kwa ajili ya kinanda.

"Kinanda sina neno nacho," akasema, akitazama ndani juu ya bega langu. "Nimekuja kwa ajili ya yule mwenzako anayeimba. Mwambie anywe kitu cha moto. Siku zote anavuta pumzi tu, halafu anashindwa, roho inaniuma hadi nashindwa kula. Lakini jana alipata neno moja."

Nilishika fremu ya mlango.

"Neno gani?"

"Jina lako," Bwana Ostrowski akasema. "Lile fupi."